Ule wa Kupepetea: Jina Linapojificha



Mwenzangu mmoja, aliyeketi mstari wa tatu na kunitazama kwa subira, hushikilia kwamba mgonjwa wa demensia akioneshwa picha ya ungo akashindwa kuutaja, aandikiwe sifuri, twende picha inayofuata. Kuhusu seli zinazokufa na protini zinazorundikana, hapa hakuna wa kufundishwa. Ugomvi wangu ni na hiyo sifuri.

Sifuri hiyo inafunika maradhi mawili. Yuko anayeujua ungo vizuri, jina tu halimjii. Atakuonesha kwa mikono jinsi ya kupepeta. Na yuko ambaye ubongo wake umesinyaa nyuma ya panja, hasa la kushoto, hali ambayo mtafiti Elizabeth Warrington aliieleza mwaka 1975 kwa wagonjwa watatu. Kwa huyu maana yenyewe hufutika: bata huwa ndege, halafu mnyama, halafu kitu basi. Mwambie amchore, aweza kumpa miguu minne! Hawa wawili tuwape alama ileile?

Mwenzangu hujibu: asiyetamka, utajuaje anajua nini? Utajua. Wanafunzi wangu wamechoka kusikia habari ya watafiti Badecker, Miozzo na Zanuttini, lakini leo wavumilie tena. Mwaka 1995 waliandika habari za Mwitaliano waliyemwita Dante. Hakuwa na demensia, nakiri mapema. Ubongo wake ulidhurika kwa sababu nyingine. Majina ya vitu yalimgomea, wala hakuweza kudokeza yanaishia na sauti gani. Ila ukimuuliza kama jina ni la kike au la kiume, alipatia karibu kila mara, hata pale ambapo mwisho wa neno hauoneshi jinsia. Kumbe neno lililojificha lilikuwa limeacha sarufi yake nje.

Na Waitaliano wana jinsia mbili tu. Sisi tuna ngeli! Bibi yangu alipoanza kupotewa na maneno aliniambia: “Mume wangu, hebu nipe ule... ule wa kupepetea.” Ule. Angekuwa anafikiria “kitu” tu, angesema “kile”. Ungo haukutamkwa, lakini ngeli yake ilitangulia. Baadaye vyote vikawa “kile”: ungo, jembe, mbuzi ya nazi. Siku moja nilisimama mlangoni, nami nikawa “kile”.

Mtasema bibi mmoja si utafiti, na kwamba mazoea ya umri mzima yanaweza kumfanya mtu atamke “ule” bila kufikiri. Yote mawili nayakubali. Bado naamini kwamba kati ya “ule” na “kile” Kiswahili kinampa daktari kipimo ambacho picha 60 za jaribio la Boston la kutaja majina ya vitu, ikiwemo ile ya nyumba ya barafu, hazimpi.

Kwa hiyo katika fomu zangu, kando ya nafasi ya alama, kuna nafasi nyingine ya kuandika mgonjwa alisema ule, lile au kile. Yule wa mstari wa tatu anaiita nafasi ya bibi.