Darasa la Nne Ujerumani

Msikilizaji, familia inayohamia Ujerumani kutoka Dar es Salaam au Mombasa huanza kuhangaika na mambo madogo. Jumapili maduka yamefungwa, na Desemba, saa kumi na moja jioni, giza limeshatanda. Hayo huzoeleka. Zito ni la shule.

Siku ya kuanza darasa la kwanza, wazazi humkabidhi mtoto koni kubwa ya karatasi ngumu, ya kukumbatiwa kwa mikono miwili, imejaa peremende na penseli. Mzazi ambaye hakudokezwa humpeleka mwanawe mikono mitupu, katikati ya wenzake wote. Inauma.

Lakini kazi yenyewe iko darasa la nne. Katika majimbo mengi, shule ya msingi huishia hapo, mtoto akiwa na miaka kama 10. Walimu hupendekeza aende Gymnasium, njia iliyonyooka ya chuo kikuu, au shule ya aina nyingine. Berlin na Brandenburg husubiri hadi la sita. Mtoto aliyefika akiwa na miaka 8 ana miaka miwili tu ya kukimbizana na Kijerumani. Na mara nyingi ndiye anayemtafsiria mama yake maneno ya mwalimu, hata yale yanayomhusu yeye mwenyewe. Huo ni mzigo usiomstahili mtoto.

Wazazi mlioko huko, ulizeni habari za darasa la nne mapema, tangu mwaka wa kwanza. Ombeni mkalimani mtu mzima kabla ya kikao na mwalimu. Na nyumbani, endeleeni kuzungumza Kiswahili na watoto wenu.