Dakika Moja ya Kimya Shuleni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanavikundi vya kujisaidia, Bomet)



Leo hatukuja na habari za mbegu wala bonasi ya majani chai. Ninyi wenyewe mlituuliza juu ya maombi ya asubuhi kule paredi. Je, ni haki mtoto wa Msabato, au wa Mwislamu wa pale mjini, afumbe macho na kuombewa kwa namna isiyo ya kwao? Wengine mkaongeza: kwa nini tusikae kimya dakika moja tu, kila mtoto aombe kama alivyofundishwa nyumbani?

Tuanze na historia kidogo, maana bila hiyo tutagombana bure. Shule nyingi za huku zilianzishwa na makanisa: Africa Gospel Church, sisi Wakatoliki, na wengine. Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule chini ya serikali, na makanisa yakabaki wadhamini. Lakini nani alibeba mawe? Nani aliuza ndama ili mabati yapatikane? Ni wazazi wa kila dhehebu, kwa harambee. Basi mtu akisimama mkutanoni aseme "hii ni shule yetu, anayekuja afuate maombi yetu", tumuulize kwa upole: yetu akina nani?

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini kazi ya kuwalea watoto kiroho, na papo hapo inamwambia alinde imani ya wengine. Watu wengi husoma ile nusu ya kwanza wakafunga kitabu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki Wasabato waliodai watoto wao wasilazimishwe kusoma siku ya Sabato.

Kule Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1962 mahakama yao ya juu ilikataza shule za serikali kuendesha maombi. Baadaye jimbo la Alabama likatunga sheria ya dakika moja ya kimya, kwa kutafakari au kuomba kwa hiari. Mwaka 1985 mahakama ikaitupa hiyo nayo, kwa kuwa ilionekana nia yake ni kurudisha maombi kwa kificho. Sisi hatujafika huko, wala hatutaki kufika. Somo la dini lipo, kipindi cha PPI kipo. Ila tujifunze kitu kimoja: kimya chenye ujanja ndani yake, hata mtoto wa darasa la tatu atakitambua.

Na kimya si kigeni kwetu. Ajali ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, iliua watu 52. Mwaka 2024 moto wa bweni la Hillside Endarasha uliua wavulana 21. Misiba kama hiyo ikitokea, tunasimama wote kimya, na hakuna anayemuuliza jirani yake anasali wapi.

Sasa sikieni hii. Mama mmoja alitueleza kwamba mtoto wake, kwa kuwa hakutaka kuomba na wenzake, aliambiwa asimame kando, karibu na vyoo, mpaka maombi yaishe. Kila asubuhi, shule nzima ikimtazama. Mtoto akaanza kuchelewa makusudi ili akute maombi yamekwisha. Akaadhibiwa kwa kuchelewa! Baba yake, bila kujua, akamgombeza nyumbani. Hapo mtoto anafunzwa dini gani, jamani?

Kimya kinaweza kusaidia, lakini kifanywe vizuri. Mwalimu aseme tu, "Tunakaa kimya dakika moja," asiongeze mahubiri. Asizunguke kuangalia nani amefumba macho. Wale wadogo wa chekechea, nusu dakika inatosha, zaidi ya hapo wataanza kufinyana. Na yule anayetaka maombi ya sauti na wenzake, apewe nafasi yake kabla ya kengele, kwa hiari.

Kuna makatekista wanaoogopa kwamba hivyo tunamfukuza Mungu shuleni. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto anayeomba kwa kulazimishwa hukariri maneno tu, nasi tuliwaona wengi wakiacha kanisa mara walipomaliza shule.

Msikimbilie redio wala chifu. Bodi ya shule ina wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa mdhamini; hesabuni wenyewe. Mpelekeeni mmoja wa hao sita jambo hili kwa barua fupi, iliyotiwa sahihi na wazazi wa madhehebu mbalimbali, na mwalimu mkuu apewe nakala kabla ya mkutano ili asishtukizwe.

Haya, maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma, ameinua mkono muda mrefu.