Binti Mwenye Usonji Anapoanza Hedhi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama mikono yako imo kwenye unga, endelea na kazi. Nipe sikio tu.

Leo nazungumzia jambo ambalo akina mama huninong'oneza mlangoni ninapoaga: binti mwenye usonji anapoanza kupata hedhi.

Mama mmoja alinijia kliniki akilia. Binti yake wa miaka 12, ambaye haongei, aliona damu akapiga mayowe hadi majirani wakaja. Kila akivalishwa sodo, aliing'oa na kuitupa, hata mbele ya wageni. Mama akamchapa. Nami nakiri nilikosea, nilimwambia tu, "Atazoea." Mwezi uliofuata alirudi: "Sista, mdunge sindano hedhi ikome." Hapo ndipo niliketi nikamsikiliza.

Usonji si laana, si utundu, wala hauambukizi. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua. Wengi wa watoto hawa huhisi vitu kwa ukali kuliko sisi: plastiki ya sodo, unyevu, harufu, hata sauti ya karatasi yake. Na damu, kwake, ni jeraha. Binti yule hakuwa mkaidi. Aliogopa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, anza mapema. Kwa kawaida hedhi huja miaka 2 hadi 3 baada ya matiti kuanza kuchipuka. Usingoje damu. Tia tone la rangi nyekundu kwenye sodo, mwonyeshe, mwambie: "Hiki si kidonda. Itakuja, itaisha." Tumia jina moja la hedhi, nyumbani na shuleni.

Pili, mzoeze sodo ingali kavu: dakika 5 leo, 10 kesho. Jaribu aina mbalimbali. Yule mama aligundua kuwa shida ilikuwa plastiki. Akashona sodo za pamba zinazofungwa kwa kifungo, na binti akazikubali. Za kitambaa zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa.

Tatu, weka mpangilio. Chora picha uzibandike chooni: vua, funga iliyotumika, itie kwenye kopo, vaa safi, nawa mikono. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa nyakati anazozijua: baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, kabla ya kulala. Tia alama nyekundu kwenye kalenda, lakini usimwahidi tarehe kamili, kwa sababu miaka ya kwanza hedhi hurukaruka.

Nne, soma maumivu yake. Asiyeweza kusema "naumwa" huweza kujiuma mkono, kugonga kichwa au kukataa chakula. Andika tarehe. Ukiona hali hiyo yarudi kila hedhi inapokaribia, mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso, na umuulize mhudumu wa afya kuhusu tembe za maumivu zinazomfaa.

Tano, mlinde. Afahamu kuwa sodo hubadilishwa chooni, mlango umefungwa, na wanaoruhusiwa kumsaidia ni watu wawili au watatu anaowajua kwa majina.

Sasa nirudi kwa ile sindano. Ile ya kupanga uzazi huweza kupunguza damu au kuikomesha, lakini miezi ya kwanza mara nyingi damu hutoka ovyo, na hilo humvuruga mtoto anayetegemea mpangilio. Ni uamuzi wa kufanya na daktari, bila haraka. Nilimuuliza yule mama, "Unachoogopa ni damu, au ni mimba?" Akanyamaza, kisha akasema, "Ni mimba, sista."

Mama, sindano haimzuii mtu mbaya, wala haizuii virusi vya Ukimwi. Itamficha tu huyo mbaya. Ukishuku mtoto amenajisiwa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi. Usimwogeshe, wala usifue nguo zake. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Fika kituo cha afya pia iwapo damu inazidi siku 7, analowesha sodo kila saa, kifafa chake kinaongezeka wakati wa hedhi, au ametimiza miaka 15 bila kuiona.

Tena, sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali kuwapa sodo bila malipo wasichana wa shule za umma waliobaleghe. Binti wa shule maalum ya umma naye yumo. Muulize mwalimu.

Mara ya mwisho nilipotembelea boma lile, binti alichukua sodo mwenyewe, akaenda chooni, akarudi, akatia alama nyekundu kwenye kalenda. Bado haongei. Lakini mayowe yamekwisha, na kiboko pia.