Mdiria wa Vijito vya Uluguru

Wasikilizaji, kila akaaye karibu na bwawa amekwisha kumwona mdiria mdogo mwenye mdomo mwekundu, yule akaaye juu ya matete. Leo twasema habari za nduguye mwenye haya. Wapo wakaao miaka mingi chini ya milima ya Uluguru wasimwone hata mara moja.

Urefu wake yapata sentimeta 18. Kichwa na mgongo ni samawati ing'aayo, tumbo ni rangi ya machungwa, na kila upande wa kifua pana kiraka cha samawati, kana kwamba mtu alianza kumvika ukosi akaacha katikati. Ndiyo sababu jina la Kilatini alilopewa mwaka 1823, semitorquata, lataja nusu ya ukosi. Mdomo wake ni mweusi. Walakini mdiria wa matete aliye mchanga naye ana mdomo mweusi, na wengi wamedanganyika; basi tazameni kifua kabla ya kusadiki.

Hukaa katika tawi la chini liinamialo kijito, akatikisa kichwa na mkia, kisha hujitupa majini. Akipata samaki hurudi tawini, humpigapiga hata afe, ndipo ammeze. Kaa na wadudu pia hula. Hutaga mayai meupe ndani ya tundu alilolichimba katika ukingo wa udongo.

Ndege huyu huvua kwa macho. Watu wakilima mpaka ukingoni, masika hushusha udongo mwekundu, maji huwa tope asione kitu, na ukingo ulio nyumba yake humomonyoka. Jambo hili si la ndege tu, maana Mto Ruvu, unywewao na watu wa Dar es Salaam, hupata maji yake katika milima hii. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 zikazuka ghasia. Kwa maoni yetu udongo haulindwi kwa amri peke yake. Msitu wa juu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, bali vijito vingi hushuka kupita mashambani.

Atakaye kumwona na aende alfajiri, akae kimya kivulini, asikilize mlio mwembamba mkali. Aghalabu ataona mstari wa samawati tu, ukipita karibu na maji na kupotea penye pindo la mto.