Swali Linaposafiri: Lugha na Sheria ya Mila Mkoani Singida



Mhadhara huu unahusu lugha ya swali ambalo mahakama moja huiuliza nyingine. Nchini Marekani, jaji wa shirikisho anapokuta sheria ya jimbo haijatulia, aweza kulisimamisha shauri na kulipeleka swali kwa mahakama ya juu ya jimbo hilo. Florida ilitunga sheria ya kuruhusu utaratibu huo mwaka 1945. Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wa aina hiyo: Ibara ya 34 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999 inaitaka mahakama ya nchi mwanachama ipeleke swali la tafsiri ya Mkataba kwa Mahakama ya Jumuiya, Arusha, pale jibu linapohitajika ili hukumu itolewe. Msingi ni mmoja: aulizwe mwenye sheria.

Swali la mila mkoani Singida hufuata njia nyingine: hupanda ngazi za rufaa. Mkoa huo una Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, wasemaji wa lugha za Kibantu. Una Wataturu, ambao lugha yao ni ya Kinilo. Na una Wahadzabe wa Mkalama, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Wote hukutana katika Kiswahili cha Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilimkalisha hakimu pamoja na washauri wasiopungua wawili, na uamuzi ukafuata wingi wa kura. Hapo mjuzi wa mila alikuwamo mahakamani. Shauri lilipofika Mahakama Kuu, kilichofika ni maandishi, na kwa miaka mingi hukumu za huko ziliandikwa kwa Kiingereza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema: “Shamba lile ni la mama.” Kiunganishi *-a* kinabeba mengi. Shamba la mama laweza kuwa alilolinunua, alilopewa na ukoo wa mumewe alilime maisha yake yote, au analolilima msimu huu tu. Mzee wa baraza atauliza: alipewa na nani, na akifa linarudi kwa nani? Mwandishi wa hukumu, asiye na wa kumuuliza, huchagua istilahi moja, “mmiliki” au “mtumiaji”, na kile ambacho shahidi alikiacha wazi kinafungwa.

Uzito wa maneno hayo mawili ulidhihirika Kagera. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maishani mwake bila kuiuza. Katika shauri la Ephrahim na Pastory, lililoanzia Muleba, mwanamke aliuza ardhi aliyorithi kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kizuizi hicho ni ubaguzi usiopatana na Katiba. Funzo lake kwa mada hii ni bayana: kuwauliza wenye mila si kuwatii. Jibu lao hueleza mila ni ipi. Katiba huamua kama itadumu. Lakini mila iliyotafsiriwa vibaya haiwezi kupimwa kwa haki. Itahukumiwa nyingine badala yake.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo iliondoa tafsiri moja njiani. Ile ya kwanza, kutoka Kinyaturu au Kitaturu kuingia Kiswahili, ingalipo, na mara nyingi haiachi alama katika kumbukumbu.

Hivyo yapendekezwa mambo mawili. Neno la shahidi liandikwe katika lugha yake kando ya Kiswahili chake. Na pale maana inapobishaniwa, swali liundwe kwa sentensi moja iliyo wazi, lipelekwe kwa wajuzi wa mila hiyo, na jibu lao liambatishwe kwenye jalada. Wanaisimu wana wajibu hapa: kamusi za istilahi za mila hazitaandikwa na mahakimu.