Mto wa kulalia si mfuko wa safari

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba katika mkutano wetu wa mwezi, Nguba, Bukavu. Tumeyaandika karibu sawa vile tuliyasema.

 

Leo hatukuja kuongea michango wala mikopo. Tumekuja kuongea shingo. Musicheke. Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nguba, tunaanza na salamu: mumeamka namna gani? Na wengi wanatujibu kwamba wameamka, lakini shingo inakatala. Mama anageuza mwili mzima ili atuangalie, sababu kichwa peke yake hakigeuki. Baba anasimama mlangoni, mkono uko kwenye kisogo. Njo maana tulianza kuuliza swali lingine: munalala juu ya nini?

Mulitufungulia nyumba zenu, mukatuonyesha. Aksanti kwa hiyo. Wengine wako na matela ya musi, wengine mkeka na blanketi juu ya simenti. Lakini upande wa kichwa, katika nyumba mingi, tulikuta kitu kimoja: mfuko. Ule mfuko mkubwa wa mistari wenye zipu, ambao mulirudi nao. Ndani kuko nguo, buleteni za watoto za shule, karte ya mchaguzi, karatasi za HCR, karatasi ya parsele, na pesa kidogo kama iko. Mama mmoja alitueleza kwamba alilalia mfuko wake kule Nyarugusu, akaulalia ndani ya meli toka Kigoma mpaka Baraka, na mpaka leo anaulalia. Mwizi akitaka mfuko, itabidi ainue kichwa cha mama kwanza.

Sisi tulimwelewa. Lakini tuliangalia pia vile mfuko ule umemfanya: uko juu sana, uko mgumu, na kidevu chake kinasukumwa mpaka kifuani usiku mzima.

Tuseme kwanza shingo ni kitu gani. Shingo iko na mifupa 7, imepangwa moja juu ya ingine, na kwa mtu aliyesimama vizuri imepinda kidogo kuelekea mbele. Juu yake kuko kichwa, na kichwa cha mtu mzima kiko na uzito wa kilo 4 mpaka 5. Mchana nyama za shingo zinabeba huo uzito. Usiku zinapashwa kupumzika, na mto njo unaochukua kazi yao. Kama mto uko juu sana ao chini sana, nyama hazipumziki, zinakaa zimevutwa saa sita, saa saba. Asubuhi zinatupatia hesabu yake.

Kwa hiyo mtu asiulize: mto gani ni wa bei kali? Aulize: nalala namna gani?

Anayelala kwa ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi yote kati ya sikio na kitanda, yaani karibu upana wa bega lake. Mto ukiwa mdogo, kichwa kinaanguka chini. Ukiwa mkubwa, kinapanda juu. Anayelala kwa mgongo anahitaji mto wa chini zaidi, unaojaza lile shimo la nyuma ya shingo bila kusukuma kichwa mbele. Anayelala kwa tumbo iko na shida zaidi, juu anageuza shingo upande mmoja usiku wote. Huyo atumie kitambaa chembamba ao aache mto kabisa, na pole pole ajifunze kulala kwa ubavu.

Kuko jambo lingine ambalo watu wengi wanalisahau: chini ya mwili kuko nini? Kwa matela laini, bega linazama, kwa hiyo mto unapashwa kuwa wa chini. Kwa mkeka juu ya simenti, bega halizami, na mtu yule yule anahitaji mto wa juu zaidi akilala kwa ubavu. Njo maana mto wa jirani yako, unaomponya yeye, unaweza kukuumiza wewe. Mukitoka mkeka mukaenda matela, mupime tena.

Kupima ni bure. Ulale sawa vile unalala kila siku, kisha mtu wa nyumbani asimame aangalie. Kwa ubavu, pua yako iwe kwenye mstari mmoja na katikati ya kifua, na mgongo unyooke toka kisogo mpaka kiuno. Kwa mgongo, uso uangalie dari. Ukiangalia vidole vya miguu, mto uko juu. Ukiangalia ukuta wa nyuma, uko chini.

Na mto wenyewe? Unaweza kuufanya na vitu vilivyo nyumbani. Kunja blanketi ao kitenge cha zamani mara kadhaa, ongeza mkunjo mmoja ao punguza mmoja mpaka kipimo kikubali, kisha shona mfuko wa kitambaa juu yake. Kama nyuma ya shingo bado kuko shimo, viringisha taulo ndogo, uiweke ndani, upande wa shingo. Nguo zilizopasuka, zikakatwa vipande vidogo, zinajaza vizuri, na zinapunguzwa kwa mkono. Foronya ifuliwe kila wiki. Mto wenyewe uanikwe kila siku jua likitoka, maana Bukavu yetu ni ya mvua na ziwa, na mto wenye ukungu unaleta kikohozi na pua kuziba.

Asiyekuwa na mto wa dukani asione haya. Waluba wa Katanga walichonga mito ya mbao, mizuri sana, kwa kulinda misuko yao ya nywele, na leo mingi iko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Kule Kenya, Waturkana na Wapokot wanaegemeza kichwa juu ya kigoda kidogo cha mbao. Hatusemi muchonge mbao.

Mtoto mchanga, lakini, asiwekewe mto. Mpaka amalize mwaka 1, alale kwa mgongo, mahali panapolingana, bila mto na bila nguo nyingi karibu na uso. Mto unaweza kumziba pumzi.

Sasa tuungame kosa letu. Kuko wakati sisi wafanyakazi wa tereni tulitafuta mito ya dukani kwa familia kadhaa. Ilikuja mikubwa na minene. Tuliigawa, tukapiga picha, tukaenda. Tuliporudi, mingine ilikuwa imeuzwa, mingine imekuwa kiti cha mgeni. Na wengine walikuwa wameweka mto mpya juu ya mfuko wa zamani! Shingo ikapanda zaidi. Hatukukasirika, tulipata haya. Tulikuwa tumeleta jibu kabla ya kuuliza kwa nini mtu analala juu ya mfuko.

Analala juu ya mfuko sababu hana mahali pengine pa kuweka maisha yake. Mlango wa nyumba ya kupanga unafungwa na msumari. Karatasi ikipotea, mtoto hataandikwa shule, na parsele itabishaniwa na mtu mwenye nguvu. Na ndani ya roho kuko lile neno ambalo hatupendi kulitamka: labda tutakimbia tena. Aliyekimbia mara mbili, mara tatu, hawezi kuambiwa tu kwamba alale vizuri.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya, muyajadili:

La kwanza. Chama chetu tayari iko na sanduku la pesa lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Tuongeze sanduku la pili, la karatasi. Kila familia iweke humo kopi za karatasi zake ndani ya bahasha ya plastiki, na jina liandikwe kwenye daftari. Mwenyewe anaweza kuja kuichukua siku yoyote.

La pili. Mulituuliza ziarani: na vurugu ikianza usiku, nani atafungua kufuli tatu? Swali ni la kweli. Njo maana tunasema kopi, siyo karatasi zenyewe. Zile zenyewe mubaki nazo nyumbani, ndani ya bahasha moja nyembamba ya plastiki, itundikwe mahali ambapo mkono unaifikia hata gizani. Bahasha moja inabebwa haraka kuliko mfuko mzima. Na mwenye telefone apige picha ya kila karatasi, amtumie pia ndugu anayemwamini.

La tatu ni kwa wamama wanaobeba mizigo kwa mgongo, kamba kwenye kipaji cha uso, toka soko la Kadutu na toka ziwani. Tusiwadanganye. Kamba inavuta kichwa nyuma, shingo inakaza mbele, na mto hauwezi kufuta kazi ya mchana mzima. Mugawe mzigo mara mbili kama inawezekana, mupumzike njiani. Na kamati ifikirie wao kwanza katika mikopo, ili anayetaka kuanza biashara ya mezani aweze. Mkopo ule utasaidia shingo yake kuliko mto wowote.

Kuko pia maumivu ambayo si ya mto. Kama maumivu yanashuka mpaka mkononi, vidole vinakufa ganzi ao mkono unakosa nguvu, enda kituo cha afya. Kama shingo imeuma kisha kuanguka ao ajali, enda. Kama shingo imekaza pamoja na homa kali na kichwa kuuma sana, enda siku ile ile, usingoje asubuhi, hasa mtoto.

Kwa nyinyi marafiki wa mbali: tunawaomba musitutumie mito. Mukitaka kusaidia, sanduku la chuma, kufuli tatu, bahasha za plastiki na pesa ya kopi vitatosha. Ni vitu vidogo, na havipendezi sana kwenye picha. Lakini mtu akijua karatasi zake ziko salama, anaweza kutoa mfuko chini ya kichwa, akakunja blanketi kwa kipimo chake, akalala.

Yule mama tuliyemtaja bado anaulalia mfuko wake. Alisema atautoa siku ile ataona sanduku kwa macho. Basi kamati, mkutano ujao tupige kura.