Kuzipima Shule Zetu kwa Karatasi Moja

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Tanga)



Kamati ilituomba tuseme maneno machache juu ya shule za msingi za Serikali katika wilaya zetu hizi za Tanga, na hasa juu ya desturi ya kuzipanga kwa daraja, ya kwanza hata ya mwisho. Tumelikubali ombi kwa furaha na kwa hofu kidogo. Furaha, kwa kuwa jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko wengi wanavyodhani: walimu hufundisha, watoto hufanya mtihani, lakini orodha huandikwa na sisi. Hofu, kwa kuwa wamo humu walimu wakuu waliostaafu, nao masikio yao ni makali bado.

Twaomba tuanze na kisa kilichotupata wenyewe. Tulipokuwa tukifanya kazi katika ofisi moja ya halmashauri, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tuliamriwa kuandika shule zote za wilaya kwa kufuata wastani wa alama za darasa la saba. Kazi tuliimaliza kabla ya adhuhuri, tukaibandika karatasi ubaoni, nasi tukajiona tumefanya kazi safi. Kesho yake akaja mwalimu mkuu wa kijiji kimoja, mzee wa makamo, kanzu yake imejaa vumbi la njia. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasimama mbele ya ubao akitafuta jina la shule yake tangu juu. Kidole chake kilishuka polepole sana. Alipolikuta karibu na mwisho, hakukasirika, alitugeukia akauliza kwa upole: “Wanangu, wastani nimeuona. Na hesabu ya watoto niliowapeleka mtihanini mmeiandika wapi?” Hatukuwa na jibu, kwani safu ya namna hiyo haikuwamo katika karatasi yetu.

Swali lile halikutuacha hata leo. Basi na tulitazame.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Tuseme shule moja imepeleka watoto 12, wastani wao 210. Shule ya pili imepeleka watoto 140, wastani wao 170. Karatasi itasema ya kwanza ni bora, nayo haisemi uwongo. Lakini yamkini katika wale 140 wamo 30 waliopita alama 210, yaani zaidi ya mara mbili ya watoto wote wa shule ya kwanza. Ni mwalimu yupi aliyefanya kazi kubwa zaidi? Baraza la Mitihani lenyewe liliona taabu hii, ndiyo sababu lilizoea kuzitenga shule zenye watahiniwa 40 na zaidi mbali na zile zenye wachache. Hilo lilikuwa jema, ila halikutosha.

Mwaka 1892 Wadachi walifungua shule yao hapa Tanga. Humo wakatoka makarani, maakida, na walimu waliopelekwa kufundisha shule ndogo ndogo za bara, na mtambo wake wa chapa ulitoa gazeti la Kiongozi kabla ya vita vya mwaka 1914. Huko Magila, karibu na Muheza, Wamisheni Waingereza walikuwa wakifundisha tangu zamani kuliko hapo. Ukiuliza ni ipi iliyotoa makarani wa Serikali, jibu ni moja; ukiuliza ni ipi iliyotoa walimu wa dini na mapadre, jibu ni jingine. (Vyuo vya Kurani, ambavyo vilizitangulia zote mbili, havikuingia katika orodha ya mtu yeyote, ingawa ndivyo vilivyowazoeza watoto wengi wa pwani kukaa chini na kusoma.) Hata Martin Kayamba, mwanzilishi wa chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini humu mwaka 1922, alisomea Kiungani kule Unguja. Nasi tuliopita sekondari za misheni twajua jinsi tunavyojivuna kwa shule zetu, na mara nyingi hatusemi tunajivunia nini.

Sasa tuje kwenye miaka yetu. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, na katika elimu mojawapo ya shauri zake ilikuwa kutangaza daraja la kila shule, katika nchi nzima na tena ndani ya wilaya yake. Mwalimu hakukatwa mshahara kwa kushindwa. Ilikuwa hasa fahari na aibu. Wataalamu watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, walizipima hesabu za shule zote za nchi tangu mwaka 2011 hata 2016. Waliyoyakuta yana pande mbili, na twawasihi wanachama wasichukue upande mmoja wakauacha wa pili. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda kweli. Watoto wake walijifunza zaidi. Lakini pia shule zilianza kuwapunguza makusudi watoto wa darasa la mwisho, wasije wakaushusha wastani.

Yaani, mabwana, mtoto aliyekuwa mzito wa kusoma, ambaye kwa ajili yake hasa shule ya Serikali ilijengwa, alionekana kuwa mzigo kwa shule yake. Hilo halikufanywa na watu wabaya. Lilifanywa na walimu waliokuwa wakitazama karatasi, na karatasi iliandikwa na watu mfano wetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Wengine walishangilia, wengine wakanung’unika. Sisi twaona uamuzi ule ulikuwa na busara, lakini orodha haikufa kwa hayo. Imehamia katika simu za wazazi, maana matokeo ya kila shule yangali yakisomwa na kila atakaye. Jioni moja baraza la kahawa latosha kusikia shule zikipangwa upya, na baba mmoja akiapa kumhamisha mwanawe kesho yake.

Na mbele ya kahawa ile hakuna asemaye habari za mahali. Katika vijiji vya Mkinga vilivyo ufuoni, wavuvi waendapo dago baadhi yao huchukuliwa na jamaa zao, na madawati hubaki matupu. Muheza, msimu wa machungwa una kazi kwa mikono midogo pia, na mtihani wenyewe hufanywa mwezi Septemba. Mtoto wa mjini hapa, akishindwa hesabu, huenda akapata ndugu wa kumwelekeza usiku chini ya taa ya umeme. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, fedha ya uendeshaji ilipimwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Basi shule ndogo ya kijijini hupata kidogo, na paa linalovuja haliulizi idadi ya watoto. Kanuni nayo yataka mwalimu mmoja kwa watoto 45. Enyi mliotembea, mwajua ni wapi ilipo kanuni hiyo na ni wapi haipo.

Je, tuache kulinganisha? Hapana. Asiyelinganisha hawezi kujua ni mwalimu gani aombewe msaada, wala ni shule gani ina siri njema ya kufundisha kusoma. Tena wale wataalamu wametuonyesha kuwa aibu kidogo iliwaamsha waliolala. Tulinganishe, ila shule ya dago na shule ya dago, shule ya mjini na ya mjini, na kila shule na nafsi yake ya mwaka jana. Tena tuanze kuhesabu mlangoni: watoto wangapi walioandikwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, wangapi waliofika, wangapi waliohama kwa barua, na wangapi ambao hakuna ajuaye waliko. Shule iliyopokea watoto 100 ikawafikisha 90 kwa wastani wa katikati, machoni petu imeishinda ile iliyowafikisha 50 kwa wastani wa juu. Najua kuna watakaobisha, nasi tutawasikiliza.

Bwana Mwenyekiti, tumekuja na karatasi ya mfano, nayo ipo mezani kwa Bwana Katibu. Wastani umo, lakini umewekwa katika safu ya sita. Safu ya kwanza ni ya walioandikwa, ya pili ni ya waliofanya mtihani. Twaomba kila mwanachama aliye katika ofisi ya elimu aichukue, aijaze kwa shule tatu tu azijuazo, airudishe kabla ya mkutano ujao. Yule mwalimu mkuu wa kijijini angali akifundisha, naye tumeahidi kumpelekea nakala.